Futi Kamba

Nimepima mabega ya nusu ya Arua.
Najua kiuno cha mwalimu Alioma kabla ya mshahara na baada.
Najua Munduru huvuta tumbo ndani nikimzungushia futi,
nami humwongezea inchi mbili kimyakimya,
maana nguo huvaliwa na mtu,
haivaliwi na pumzi aliyoibana.

Lakini picha sikuipima.

Ilinijia kwenye simu usiku, umeme umekatika,
mwanga wa kioo ukinipaka uso kama poda ya harusi.
Cherehani ya umeme, nyeupe kama jino la mtoto,
imewekwa mezani kando ya chungu cha maua.
"Laki moja na nusu. Zimebaki tatu."
Na saa nyekundu ikihesabu kurudi nyuma:
dakika kumi na moja, dakika kumi, dakika tisa…
Nikalala. Nikaamka alfajiri.
Dakika kumi na moja.
Nikasema, Mungu amenisubiri.

Marehemu mama alizoea kusema rahisi huvunja upishi.
Mimi sikuwa napika, mama. Nilikuwa nashona.
Sare themanini za shule, mguu wa kulia umevimba kwa pedali,
Januari inabisha hodi.
Nikatuma pesa. Simu ikanishukuru kwa jina langu.

Siku tisa.
Kifurushi kikapanda basi la usiku Kampala,
kikapita Karuma, kikavuka daraja la Pakwach,
na mimi muda wote nawaza: wamekifunga vizuri?
Watu wawili wataweza kukishusha?
Nikamwambia Adiga wa bodaboda aende na mipira ya kufungia mizigo.

Adiga alikitoa mfukoni mwa koti.

Sentimita kumi na tisa kwa tano. Hapo ndipo nilipopima.
Kitu cha plastiki, cha kubana kwa vidole
kama karani anayebana karatasi zake.
Kilishona mishono minne, kikakohoa, kikala uzi.
Na kile chungu cha maua, sasa nikakielewa:
kilikuwa kifuniko cha chupa.

Adiga hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.
Alisema tu, "Mke wangu alinunua friji,"
akanionyesha ukubwa wake kwa kikombe changu cha chai.

Nikaandika malalamiko. Yaliishi dakika mbili,
yakafutwa kama kamasi.
Nikapiga namba yao: haipatikani.
Nikaficha kidude chini ya vitambaa,
aibu nikaikunja mara nne, nikaipiga pasi.

Hadi Munduru alipokuja mbio, simu mkononi:
"Candiru! Unapata vizuri, unakula peke yako?"
Uso wangu ule. Picha ya ubatizo wa mtoto wa dada,
gauni la kitenge nililolishona mwenyewe kwa mguu huu huu.
Chini yake nyota tano:
"Mimi Candiru, fundi, Arua.
Imebadilisha maisha yangu. Msichelewe."
Zimebaki tatu.

"Nimeshatuma pesa," akasema Munduru.

Kwa hiyo leo ukipita barazani kwangu, mkabala na kinu cha muhogo,
utakiona kinaning'inia mlangoni kwa uzi mweusi,
futi kamba imenyooshwa ubavuni mwake,
namba zasomeka kutoka barabarani.
Sikuandika neno. Maneno waliniibia.
Watu husimama, hucheka. Kisha baadhi huacha kucheka,
huenda nyumbani, hurudi na mfuko mweusi:
friji ya kina Adiga,
taa ya jua isiyolijua jua,
viatu viwili, vyote vya kushoto.
Jana nimepiga msumari wa nne.

Cha Munduru bado kiko njiani.
Kila jioni hupita, huniuliza bila kunitazama,
"Lakini Candiru, labda changu kitakuwa kikubwa?"
Nami nachukua futi, namzungushia kiunoni.
Namwambia, pumua.
Na zile inchi mbili, bado naziongeza.